Mtoto akisoma hesabu nyumbani, afuate kitabu gani?

Watoto wa mashariki wamekaa nyumbani mara nyingi kuliko kalenda ya shule inavyosema. Mwezi wa tatu 2020 shule za nchi nzima zilifungwa juu ya Corona. Zikafunguliwa mwezi wa kumi, zikafungwa tena mwezi wa kumi na mbili, hadi mwezi wa pili 2021. Rentrée ya 2024 ikakutana na mgomo wa walimu katika provinsi nyingi. Mwanzo wa 2025 vita ikafunga milango ya shule Goma, kisha Bukavu. Kila mara ulizo linarudi kwa wazazi: mtoto asikae bure, lakini afundishwe nini, na kwa kitabu gani?

Kwa kusoma, mzazi anajikaza. Bibilia iko, karatasi ya zamani iko. Hesabu njo inasumbua. Mtoto aliyeruka miezi miwili ya kusoma anaweza kujivuta na kufikia wenzake. Aliyeruka somo la kutoa kwa kukopa hawezi kugawanya, na asiyejua kugawanya hataelewa sehemu. Hesabu ni kama ngazi ya kupandia mungazi: ukitoa kipago kimoja katikati, aliye chini anabaki chini.

Tuchukue Kibombo, kusini ya Kindu, kwenye njia ya reli inayoenda Kongolo. Treni inaweza kukaa siku nyingi bila kupita, na vitabu vya shule havishuki kama mufuko wa chumvi. Mzazi aliyesoma kidogo, ao kaka aliyemaliza humanité, anashika kreyo na kutafuta. Anachoweza kupata ni vitu vitatu: kaye ao kitabu cha zamani cha mkubwa wa nyumba, kitabu cha Ufaransa kilichopitishwa kutoka simu hadi simu, ao kitabu cha Tanzania.

Hiki cha Tanzania kinavuta sana. Kule shule za msingi za serikali zinafundisha Hisabati kwa Kiswahili, na Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vyake kwenye maktaba ya mtandao. Mzazi wa Maniema anasoma na kuelewa bila kamusi. Lakini kuna mitego ambayo haionekani haraka. Tanzania wakiandika 2,500 wanamaanisha elfu mbili na mia tano. Kwetu alama hiyo inakata sehemu ya kumi, na mwalimu atasoma mbili na nusu. Kugawanya nako kunaandikwa kinyume: wao wanaweka kigawanyo upande wa kushoto na jibu juu, sisi tunakiweka kuume nyuma ya mstari, jibu linakaa chini yake. Mtoto anayejua vizuri anaweza kuonekana hajui, juu tu ya mahali alipoandika.

Kitabu cha Ufaransa kina shida yake. Hapa shule inasema septante na nonante. Kule mtoto anakuta soixante-dix, sitini na kumi, halafu quatre-vingt-dix, mara nne ishirini na kumi. Na mafumbo yote yanahesabu euro. Kwa mtoto wa miaka saba anayejua franka mia tano ya mandazi, huo ni mzigo juu ya mzigo.

Basi, kwa mtoto anayengojea kurudi darasani, programu ya taifa ndiyo inafaa kushika uongozi, hata kama kitabu chenyewe kimepasuka na hakina jalada. Sababu iko wazi: mlango anaorudia ni huo, na mwisho wa mwaka wa sita anakutana na ENAFEP, jaribio la serikali, na hesabu imo. Programu hiyo inapanga hesabu kwa matawi yanayojulikana na kila mwalimu: numération, opérations, mesures de grandeurs, formes géométriques, na problèmes. Mzazi akipata kaye ya mtoto wa jirani aliye kalasi moja mbele, anaona mara moja ni tawi gani limeachwa. Mara nyingi ni vipimo na maumbo, maana nyumbani watu wanakimbilia kujumlisha na kuzidisha peke yake.

Lakini kufuata programu haimaanishi kukariri Kifaransa. Sheria ya elimu ya mwezi wa pili 2014 yenyewe inaruhusu kufundisha kwa lugha za taifa ao za mazingira. Na hapa Kiswahili cha kwetu kina faida ambayo wazazi wengi wanaidharau. Mama sokoni akisema makumi saba na tano, ameshaonyesha mtoto hesabu imejengwa namna gani: makumi ni saba, moja moja ni tano. Kumi na moja vilevile inajieleza; onze haielezi kitu. Wachina nao wanahesabu hivyo, kumi-moja, makumi mawili-moja, na walimu wa hesabu wa nchi nyingi wamekwisha kuona namna hiyo inavyosaidia watoto wadogo. Njia nzuri ni kufunga vijiti kumi kumi kwa kamba, kuhesabu kwa Kiswahili, ao Kikusu kama ndiyo lugha ya nyumba, hadi mtoto aone mwenyewe kwa nini mtu anakopa kumi moja wakati wa kutoa. Kisha jina la Kifaransa linafuata. Kuanzia mwaka wa tatu lisikosekane tena, maana ENAFEP haitamuuliza kwa Kiswahili.

Vipimo havihitaji kitabu. Mchele unauzwa kwa kopo, mafuta ya ngazi kwa chupa na bido. Makopo mangapi yanajaza kilo tano? Mtoto apime, aandike, ndipo afungue kitabu.

Radio inasaidia pia. Mwaka 2020 Radio Okapi na UNICEF, pamoja na wizara, walirusha masomo ya Okapi École. Ila hesabu ya kusikia tu inapotea haraka. Bila kaye mkononi na mkubwa wa kuangalia alichoandika, inabaki sauti.

Kwa mtoto mkubwa hali ni nyingine. Mwenye miaka tisa hadi kumi na minne aliyekosa miaka mizima asirudishwe kuhesabu na wa miaka sita. Atapata haya na kuacha. Kwa hao kuna CRS, vituo vya kulipiza masomo, vinavyobana miaka sita ya primeri katika mitatu, na mwisho wanafanya ENAFEP ileile. Mahali kituo kiko mbali, mzazi anaweza kuomba kuona mpangilio wao na kuufuata nyumbani: ngazi ya kwanza inabeba mwaka wa 1 na wa 2, ya pili wa 3 na wa 4, ya tatu wa 5 na wa 6.