Aliyekabidhiwa Kazi Akabidhiwe na Madaraka Yake

Ni jambo lisilofichika kwamba jumuiya zetu nyingi zimedumaa, si kwa uhaba wa watu, bali kwa sababu mtu mmoja ameshika kila kitu. Kamati huundwa, katibu na mhazini huteuliwa, kisha mwenyekiti akisafiri hata taa iliyoungua msikitini humngoja arejee.

Nchi yetu imekwisha kulipia somo hili. Mwaka 1972, Tanzania Bara, ulianza mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Halmashauri za wilaya na miji zikavunjwa, na kazi zake wakapewa maofisa wa serikali kuu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa. Nia ilikuwa kuharakisha maendeleo. Matokeo yakawa kuzorota kwa huduma. Miji ikarejeshewa halmashauri mwaka 1978, na kwa sheria za mwaka 1982 serikali za mitaa zikafufuliwa, zikaanza kazi mwaka 1984. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alikiri kuwa kuvunja serikali za mitaa na ushirika ni mambo ambayo asingeyarudia. Basi nia njema pekee haitoshi.

Leo hapa Magindu, kama katika vijiji vingine, mkutano mkuu huchagua halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25, nayo hugawa kazi kwa kamati za fedha na mipango, huduma za jamii, na ulinzi. Iweje watu hao hao wanaoaminiwa kijijini wasiaminiwe ufunguo wa stoo ya msikiti?

Ama katika historia ya Uislamu, Mtume (s.a.w.) alimteua Usama bin Zaid, kijana wa umri usiozidi miaka 20, aongoze jeshi lenye masahaba wakubwa. Watu walinung'unika, naye hakumwondoa. Abubakar alipokuwa Khalifa akamhitaji Umar abaki Madina, alimwomba Usama ruhusa. Alikuwa na uwezo wa kuamuru, lakini aliheshimu madaraka ya aliyekabidhiwa jeshi.

Watasema baadhi: "Tukiwaachia vijana wataharibu." Tunawajibu kuwa kuamini si kutelekeza. Kiongozi na aeleze lengo, ataje kiwango cha fedha na siku ya kutoa hesabu. Kisha asiingilie kila hatua. Siku hiyo ikifika, aulize kila senti kwa uadilifu. Anayeingilia kila saa hawezi hata kudai hesabu, kwani kosa likitokea ni la nani?

Tunawausia viongozi wetu: mwezi huu kila mmoja achague kazi moja aliyoing'ang'ania, iwe ujenzi wa choo au ratiba ya madrasa, aikabidhi pamoja na fedha zake. Uongozi hujulikana siku kiongozi hayupo na kazi ikaendelea.

Wabillahi tawfiq.