AFYA NA MICHEZO: Nani Anayehesabu Mipira ya Mwanetu?



Ndugu wasomaji, katika ukurasa wetu wa mwezi huu tumeonelea tuuzungumzie mchezo wa kriketi, na khasa mgongo wa kijana anayerusha mpira kwa kasi. Wengi wetu tuliolelewa na mpira wa miguu huiona kriketi kuwa ni mchezo wa wenziwetu. Lakini watoto wetu wanaosoma katika skuli za Birmingham, Leicester na London wamekua pamoja na vijana wenye asili ya Pakistan, India na Bangladesh, na ndugu zetu walioko Dubai, Sharjah na Muscat huuona mchezo huu ukichezwa hata kwenye maegesho ya magari. Wala si jambo geni kabisa kwetu, kwani mwaka 2003 timu ya Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Kijana mwenye kimo kirefu na mbio hupewa mpira mapema na kuambiwa arushe kwa nguvu zake zote. Wazazi hufurahi, nasi tunafurahi pamoja nao. Tunachotaka kuuliza leo ni hiki: nani anayeihesabu mipira hiyo?

KAZI YA MRUSHAJI

Mrushaji wa kasi huja mbio, huruka, kisha huutua mguu wa mbele kwa kishindo huku mkono ukipita juu ya kichwa. Wataalamu walioupima mtuo huo wamekuta kuwa nguvu inayoupanda mguu hupita mara tano ya uzito wa mwili. Katika dakika hiyo hiyo kiuno huwa kimepinda nyuma, kimelala upande na kimejinyonga, yote kwa pamoja. Mzigo huo huziangukia pingili za chini kabisa za uti wa mgongo. Mrushaji wa mkono wa kulia, aghlabu, huumia upande wa kushoto wa kiuno, na wa mkono wa kushoto huumia upande wa kulia.

Mfupa ni kitu hai. Ukitumikishwa huchoka kidogo, na ukipewa muda hujijenga upya ukawa imara kuliko awali. Ukinyimwa muda, uchovu hulimbikizana mpaka ukazuka ufa. Tumezoea kusema kuwa haba na haba hujaza kibaba, na methali hiyo huwa ni ya kheri. Katika mgongo wa mrushaji, kibaba kinachojazwa ni cha madhara. Hakuna mpira mmoja wa kulaumiwa. Na kwa kuwa mifupa ya kiuno huendelea kukomaa hadi mtu anapoingia miaka ya ishirini na kitu, vijana ndio wanaopatwa zaidi na ufa huu.

YALIYOWAPATA WAKUBWA

Maradhi haya hayachagui jina. Dennis Lillee wa Australia alivunjika mgongo kwa namna hii mwaka 1973, na wengi wakadhani ameshamaliza. Alikaa nje, akaujenga mwili wake upya kwa mazoezi ya kitaalamu, akarudi katika msimu wa 1974 na 1975, na alipostaafu mwaka 1984 alikuwa na wiketi 355 za mechi za Testi, nyingi kuliko mrushaji yeyote kabla yake.

Mwenzake wa zama zetu, Pat Cummins, alicheza Testi yake ya kwanza Johannesburg mnamo Novemba 2011 akiwa na umri wa miaka 18. Alichukua wiketi 6 katika awamu ya pili na kutajwa mchezaji bora wa mechi. Testi yake iliyofuata ilikuwa Machi 2017, mjini Ranchi. Zaidi ya miaka 5 ilipita baina ya mechi mbili hizo, na sehemu kubwa ya miaka hiyo alikuwa akiuguza mgongo. Waliomsubiri hawakujuta, kwani mwaka 2023 alilinyanyua Kombe la Dunia akiwa nahodha.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa Jasprit Bumrah wa India. Alipasuliwa mgongo mwaka 2023, akapona. Baina ya Novemba 2024 na Januari 2025 alicheza Testi 5 nchini Australia, akarusha zaidi ya ova 150, kila ova ikiwa mipira 6, na kuchukua wiketi 32. Katika mechi ya mwisho mjini Sydney mgongo ulimkaza, akashindwa kurusha hata mpira mmoja katika awamu ya pili. Kwa sababu hiyo aliyakosa mashindano makubwa yaliyofuata. Basi timu ilipokwenda Uingereza katika kiangazi cha 2025, wakuu wake walitangaza mapema kuwa atacheza mechi 3 tu kati ya 5. Wako walionung'unika, wakisema askari hachagui vita. Mpango haukubadilishwa. India ilimaliza kwa sare ya 2 kwa 2, na mechi mbili ilizoshinda ni zile ambazo Bumrah hakucheza.

Katika safari hiyo hiyo Mohammed Siraj alicheza mechi zote 5, akarusha zaidi ya ova 180, na siku ya mwisho bado alikuwa na nguvu za kuishindia timu yake. Hapo pana funzo: miili haifanani, na kipimo cha mmoja si kipimo cha mwingine. Ndiyo maana wenye hekima huanza kwa kuhesabu, kisha ndipo wakaamua.

WALIYOYAGUNDUA WATAALAMU

Uchunguzi uliotangazwa Australia mwaka 2003 ulionyesha mambo mawili. Warushaji waliopumzika chini ya siku 2 baina ya siku za kurusha waliumia zaidi. Lakini na wale waliokaa siku 5 au zaidi bila ya kurusha waliumia zaidi pia. Waliosalimika mno ni wale waliokuwa katikati, baina ya mipira 123 na 188 kwa wiki. Nao walikuwa watu wazima wa daraja la juu. Kwa hivyo kumfungia kijana ndani si kumlinda, kwani mfupa usiozoea mzigo hauubebi siku unapokuja.

Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2009, uligundua kuwa mrushaji aliyerusha zaidi ya ova 50 katika mechi moja huwa katika hatari iliyozidi kwa muda wa wiki 3 na hata 4 baadaye. Maana yake ni kuwa deni la leo hudaiwa mwezi ujao. Kijana huumia katika mechi nyepesi, watu wakashangaa, nao wamesahau wiki ile nzito iliyotangulia.

Wako wanaosema kuwa warushaji wa zamani walirusha zaidi ya hawa na hawakulalamika. Maneno hayo yana ukweli nusu. Wa zamani walirusha karibu kila siku ya msimu, na miili yao ikazoea. Siku hizi mrushaji hutoka katika ligi za ova 20, ambako hurusha ova 4 tu kwa mechi, akaingia katika Testi anakotakiwa arushe ova 20 kwa siku. Kinachovunja mfupa, mara nyingi, ni ule mrukio wa ghafla. Tena zamani hizo tunawakumbuka waliodumu. Waliovunjika wakiwa na miaka 19 majina yao hatuyajui.

HESABU YA NYUMBANI

Bumrah ana madaktari na makarani wanaoandika kila mpira anaourusha. Mwanetu hana. Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 14 anayeishi Uingereza. Huko, mwongozo uliotumika kwa miaka mingi umemwekea mrushaji wa kasi aliye chini ya miaka 15 mpaka wa ova 6 mfululizo na ova 12 kwa siku. Jumatano akarusha ova 8 kwa skuli yake. Jumamosi akarusha ova 10 kwa klabu. Jumapili akarusha ova 8 kwa kaunti. Hapana siku aliyovuka mpaka. Hizo ni ova 26, yaani mipira 156. Sasa tuongeze mazoezi ya Jumanne na Alkhamisi, mipira 60 kila siku. Jumla ni mipira 276 kwa wiki, nayo ni mingi sana kuliko ile 188 ya watu wazima tuliyoitaja.

Makocha watatu, wote watu wema, na kila mmoja anaijua hesabu yake tu. Anayeweza kuijua jumla ni yule anayemfulia kijana nguo zake nyeupe na kumpeleka uwanjani. Kwa hivyo tunawaomba wazazi haya yafuatayo:

Kwanza, wekeni daftari jikoni. Kila siku kijana aandike mipira aliyorusha, ya mechi na ya mazoezi. Mwombeni kocha jedwali la mipaka ya umri wake kwa msimu huu, na umwonyeshe daftari.

Pili, mzigo uongezwe kidogo kidogo. Katika miaka hii Ramadhani inaangukia majira ya baridi, wakati wa mazoezi ya ndani. Kijana aliyefunga hupunguza kurusha, na ni haki yake. Lakini baada ya Idi huwa msimu umekaribia, naye hutaka kulipa yote kwa wiki moja. Hapo ndipo pa kumshika mkono. Na wakati wa mazoezi ya ndani mkumbuke kuwa sakafu ngumu ya ukumbi humrudishia kiuno kishindo kuliko majani.

Tatu, msiidharau vitamini D. Wakuu wa afya wa Uingereza hushauri kila mtu afikirie kutumia mikrogramu 10 kwa siku wakati wa baridi, na sisi wenye ngozi nyeusi mwaka mzima. Ushauri huu ni kwa mabinti pia, nao wengi siku hizi hucheza.

Nne, mzijue dalili. Maumivu ya kiuno upande mmoja, yanayozidi anapojipinda nyuma na yasiyoondoka kwa siku chache, si ya kuchuliwa kwa mafuta ya karafuu kisha akarudishwa uwanjani. Wala dawa za maumivu zisitumiwe ili acheze. Aache kurusha, apelekwe kwa daktari, na daktari aambiwe waziwazi kuwa huyu ni mrushaji wa kasi. Eksirei ya kawaida inaweza isionyeshe kitu mwanzoni. Picha ya MRI huuona mfupa uliochoka hata kabla ya ufa kutokea. Ukigunduliwa mapema, huenda akapumzika kwa wiki kadhaa. Ukichelewa, ni miezi, na pengine msimu mzima.

Tano, na hili linatuhusu sisi wa ugenini zaidi ya wengine. Katika nyumba zetu nyingi mtoto ndiye mkalimani wa wazazi wake mbele ya daktari na kocha. Sasa kijana anayeogopa kuipoteza nafasi yake katika timu ndiye anayeulizwa kiuno chake kinaumaje, na ndiye anayefasiri jibu. Atasema ni kidogo tu. Tusimpe mtihani huo. Hospitali za serikali za Uingereza hutoa mkalimani bila ya malipo. Ombeni mapema mnapopanga miadi. Na kwa kocha, mzazi asione haya kwa Kiingereza chake. Daftari lenye tarehe na idadi halihitaji lugha nyingi.

Hatumkatazi kijana mchezo. Mchezo humpa marafiki, afya na adabu ya kushinda na kushindwa. Tunalotaka ni kuwa afike miaka 25 angali anakimbia kuurusha mpira, na mgongo wake ukiwa mzima. Lillee na Cummins walirudi kwa kuwa walikuwa na wataalamu na watu wa kuwasubiri. Mwanetu anatutegemea sisi, na kazi tunayoombwa ni ndogo: kalamu, daftari na dakika mbili kila jioni.

Wenye masuala juu ya mada hii watuandikie, nasi tutayajibu katika toleo lijalo, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.