BAISKELI YENYE TOPE HAIJARUDISHWA

Ndugu wanakijiji,

Mvua zimeanza na njia ya bondeni imeshakuwa uji. Jana jioni nilipita stoo ya ushirika, nikakuta baiskeli tatu zimeegemezwa ukutani, zote nyekundu kwa udongo, hata cheni haionekani. Kwenye daftari imeandikwa "imerudishwa". Mimi nasema hapana. Baiskeli yenye tope haijarudishwa, imetupwa.

Wapo wanaosema: "Katibu, hizi ni baiskeli za gia, za milimani, zimetengenezwa kwa ajili ya tope." Jamani, tusidanganyane. Baiskeli za namna hii zilianzia Marekani, vilima vya Marin huko California, miaka ya 1970. Vijana wa huko walikuwa wakishindana kuteremka mlima kwa baiskeli kuukuu. Breki zao zilikuwa ndani ya habu, zikichemka mpaka grisi inaungua, na baada ya kuteremka ilibidi wafungue na kujaza grisi mpya. Njia ile ikaitwa Repack, maana yake kujaza upya. Basi hata wenyewe walioanzisha hawakuiacha hivi hivi. Walishika spana kwanza.

Tope ni maji na mchanga. Maji yanaleta kutu, mchanga unasaga. Mchanga ukichanganyika na oili ya cheni umepata msasa, na kila ukikanyaga pedeli unasaga chuma chako mwenyewe. Asiyeamini achukue rula ya shule, kama tulivyofanya kwenye darasa letu la jioni. Weka mwanzo wa rula katikati ya pini moja ya cheni, kisha hesabu pini 24 zinazofuata. Cheni mpya, pini ya 24 inaangukia inchi 12 kamili. Ikipita kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, cheni imechoka, ibadilishwe. Ikiachwa mpaka ipite sehemu moja ya 8, imeshakula na meno ya gia, na hapo mtanunua vyote. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa niseme lililo zito. Masika iliyopita baiskeli moja ilirudishwa usiku na tope lake. Tope likakaukia kwenye waya wa breki na kwenye raba. Alfajiri kijana wetu akaichukua kupeleka maziwa, hakuwa na habari. Kwenye mteremko wa darajani akabana breki, haikushika. Alianguka, akateguka mkono, na lita 20 za maziwa ya kina mama zikamwagika mtaroni. Watu waliuliza sana nani aliyeirudisha vile. Ndugu zangu, ni mimi. Nilikuwa nimechoka, nikasema kesho. Maziwa nimeyalipa, lakini mkono wa mtoto wa watu haulipiki kwa fedha. Ndiyo maana leo naandika.

Kazi yenyewe si kubwa. Ndoo moja na nusu ya maji inatosha, na muda wake hauzidi ule wa kupika chai.

Kwanza, usisugue tope kavu, mchanga utakwaruza rangi. Mwagia maji polepole, subiri lilainike.

Pili, tumia brashi na maji ya sabuni, anzia juu ukishuka chini. Usisahau chini ya madigadi na katikati ya gia. Kwa kijiti toa udongo kwenye raba za breki, maana punje moja ya mchanga pale inachimba rimu.

Tatu, msiipeleke kwenye mashine ya kuoshea pikipiki. Maji yale ya nguvu yanapenya kwenye habu na kwenye ekseli ya pedeli, yanatoa grisi, na gololi zinabaki kusagana kavu.

Nne, cheni iwe ya mwisho, na kitambaa chake cha peke yake. Lowesha kitambaa mafuta ya taa kidogo, kishike cheni, zungusha pedeli kinyumenyume mpaka weusi utoke. Kaa mbali na moto. Mafuta hayo yasiguse tairi wala breki.

Tano, kausha kwa kitambaa. Cheni ikikauka kabisa, tia oili safi tone moja moja kwenye kila kiungo, kisha futa ya nje yote. Oili ya ziada inaita vumbi. Na ile oili nyeusi iliyomwagwa kutoka kwenye injini tusiitumie, ina uchafu tayari.

Mwisho, bana breki zote mbili, zungusha magurudumu. Ukisikia mkwaruzo, mwambie mtunza stoo, usinyamaze.

Tena nakataza jambo moja: kuoshea baiskeli kwenye chemchemi. Najua ni rahisi, maji yapo. Lakini mafuta ya taa na sabuni yanateremka kwenye ndoo za watoto wetu. Chota, oshea mbali.

Mtu atasema maji ni shida, na jioni mtu amechoka. Ni kweli. Lakini atakayeipanda alfajiri naye amelala amechoka, na yeye ndiye atakayekutana na mteremko.

Napendekeza mkutano ujao tukubaliane hivi: mtunza stoo asitie sahihi mpaka amezungusha gurudumu na kubana breki mwenyewe. Na ushirika ununue brashi, vitambaa na chupa ya oili vikae hapo stoo, ili asiwepo wa kusema hakuwa na kitu. Mali ya wote isiwe mali ya asiyekuwepo.

Zile tatu za jana nitaziosha mimi leo jioni. Anayetaka kujifunza aje.

Katibu