Uganda: Maandishi ya Trowell kuhusu njaa na shibe, na onyo lililovuka bahari

Mwaka 1956, jarida la madaktari wa Afrika Mashariki lilichapisha taarifa kuhusu Mwafrika mmoja tu aliyepatikana na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mmoja wa waandishi wake alikuwa Hugh Trowell, daktari Mwingereza wa Hospitali ya Mulago, Kampala. Enzi hizo, mgonjwa mmoja wa aina hiyo alitosha kuandikiwa makala ya kitaalamu.

Hali imegeuka. Tafiti za kitaifa zilizofanywa Uganda mwaka 2014 na Kenya mwaka 2015 zilibaini kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu. Mabadiliko hayo ndiyo yanayofanya maandishi ya Trowell yastahili kusomwa upya, na hasa na sisi tulio majirani.

Trowell aliwasili Kenya mwaka 1929, akahamia Uganda mwaka 1935. Sehemu ya kwanza ya maandishi yake inahusu upungufu wa chakula. Daktari Cicely Williams alikuwa ameueleza ugonjwa wa kwashakoo mwaka 1933 huko Gold Coast, Ghana ya leo. Trowell aliuchunguza kwa watoto wa Uganda, na mwaka 1954 akatoa kitabu kuuhusu akishirikiana na wenzake wawili, Davies na Dean.

Sehemu ya pili inahusu maradhi ya shibe. Katika kitabu chake cha mwaka 1960, Trowell alikusanya ushahidi kwamba maradhi kadhaa yaliyozoeleka Ulaya yalikuwa adimu katika wodi za Afrika. Miaka ya 1970, akiwa na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyewahi pia kufanya kazi Mulago, alitaja sababu mojawapo: vyakula vilivyokobolewa hupoteza nyuzinyuzi, ambazo wataalamu wa lishe wa Tanzania huziita makapimlo.

Maandishi hayo yana dosari zake. Rejesta za hospitali humhesabu aliyefika hospitalini tu; aliyefariki kijijini hakuandikwa popote. Aidha, maelezo kwamba kwashakoo husababishwa na ukosefu wa protini pekee yalishambuliwa vikali mwaka 1974 na mtafiti Donald McLaren katika jarida la Lancet. Wingi wa machapisho, kwa hiyo, si hakikisho la ukweli wa kila hoja.

Hata hivyo, hoja ya nyuzinyuzi imepata nguvu. Mwaka 2019, jarida hilohilo lilichapisha uchambuzi ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani, WHO. Uchambuzi huo ulionyesha kwamba wanaokula nyuzinyuzi nyingi zaidi wana uwezekano mdogo, kwa asilimia 15 hadi 30, wa kufa mapema au kufa kwa maradhi ya moyo, wakilinganishwa na wanaokula kidogo.

Swali linalobaki ni nani aliyelisikia onyo hilo. Ushahidi ulitoka katika miili ya watu wa Afrika Mashariki, lakini vitabu vilichapwa London, kwa Kiingereza. Mwaka 1979, Burkitt aliandika kitabu chepesi kwa msomaji wa kawaida wa Kiingereza, akimhimiza asisahau nyuzinyuzi. Mkulima wa Buganda, ambaye mlo wa jirani zake ulikuwa sehemu ya hoja hiyo, hakuandikiwa kitabu cha namna hiyo. Miji ya kanda ikaendelea kuzoea unga mweupe, mkate mweupe, soda na vyakula vya kukaanga.

Matokeo yake ni mzigo maradufu. Utafiti wa afya wa Uganda wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 26 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Nchini Rwanda, utafiti wa mwaka 2019 na 2020 ulionyesha asilimia 33. Katika nyumba moja anaweza kupatikana mtoto aliyedumaa na mzazi mwenye kisukari.

Serikali za kanda zimeanza kuchukua hatua. Mjini Kigali, Siku Bila Magari, iliyoanza mwaka 2016, huambatana na upimaji wa bure wa sukari na shinikizo la damu. Lakini upimaji humfikia mtu wakati mwili tayari umeshabadilika. Chanzo kiko mashineni na sokoni: unga gani unasagwa, unauzwa kwa bei gani, na shule zinanunua upi.

Unga wa dona, maharage, viazi vitamu na mboga za majani bado vinapatikana kwetu. Sera itakayovifanya vipatikane kwa bei nafuu, na kueleza thamani yake kwa lugha inayoeleweka sokoni, itakuwa imelipa deni la miongo kadhaa kwa watu ambao milo yao ilizaa elimu hiyo.