Chuo Kipimwe kwa Kazi Yake, si kwa Jina Lake

Mzazi wa Unguja au Pemba anapotafuta chuo cha kumpeleka mwanawe kusoma sheria, neno la kwanza analouliza ni: "Kina jina?" Afisa wa serikali anapoajiri mwanasheria, naye hulitazama kwanza jina la chuo lililo juu ya cheti, ndipo amtazame mwenye cheti. Yafaa tujiulize jina hilo hutoka wapi, na lina thamani gani kwa mwananchi.

Mahali pazuri pa kulianza jawabu ni hapa Moshi. Wengi wetu wa visiwani tumezoea kudhani kwamba mlima Kilimanjaro huzaa wasomi kama unavyozaa ndizi na kahawa. Historia yasema vingine. Katika miaka ya 1890 wamisionari Wakatoliki walifika Kilema na Walutheri wakafika Machame, na walipojenga kanisa walijenga na skuli. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wakaunda chama chao, na mwaka 1933 kikazaliwa Chama Kikuu cha Ushirika, KNCU. Kahawa ikampa mkulima fedha ya kumsomesha mwanawe. Basi sifa ya mlima haikutokana na damu wala na baridi ya hewa. Ilitokana na skuli zilizotangulia, na mkulima aliyekuwa na cha kulipia. Aliyetangulia alipata jina. Jina likavuta wanafunzi hodari. Nao kwa kufaulu kwao wakalizidisha jina.

Mambo huenda hivyo hivyo katika vyuo vya sheria. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wasiofika 20. Kwa miaka mingi hakikuwa na mwenziwe nchini, kikapokea vijana bora wa kila mkoa. Leo sheria yafundishwa pia Mzumbe, Tunguu, katika Chuo Kikuu cha Ushirika hapa Moshi, na kwengineko. Chuo kichanga, kinachopokea vijana waliobaki baada ya wengine kuchagua, kikimwinua kijana wa kawaida akawa wakili mzuri, kimefanya kazi kubwa kuliko chuo maarufu kilichompokea hodari na kumtoa hodari vile vile.

Hasara ya kutegemea jina ilidhihirika Oktoba 2022. Katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu. Waliotakiwa kurudia mitihani walikuwa 342, na 265 wakaondolewa. Wote hao walikwisha kupewa shahada na vyuo vikuu vyao. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, na nchi nzima ikabishana: wengine wakailaumu Taasisi, wengine vyuo vikuu, wengine lugha ya kufundishia. Zanzibar ina Mahkama Kuu yake na sheria yake ya mawakili, lakini vijana wetu husoma katika vyuo hivyo hivyo. Msiba ule ulikuwa wetu sote.

Wapo wasemao kwamba dawa ni kuvipanga vyuo kwa namba, cha kwanza hadi cha mwisho. Wamarekani wamelijaribu jambo hilo kwa miaka mingi. Katika orodha ya U.S. News, asilimia 40 ya alama ilitokana na maoni ya wakuu wa vyuo, majaji na mawakili. Yaani jina lilipewa alama kwa sababu ni jina. Novemba 2022 Yale, kilichokuwa cha kwanza tangu orodha ilipoanza, pamoja na Harvard, vilijitoa, vikilalamika kwamba orodha ile inaviumiza vyuo vinavyowahimiza wahitimu kuwatumikia wanyonge. Kwetu, Januari 2023, Baraza la Mitihani liliacha kutangaza skuli kumi bora. Lilifanya vyema. Lakini kuiacha orodha kusiwe kuificha kweli.

Wazee wa nchi hii wanajua mwanasheria hupimwa kwa nini. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru kiasi cha 3,000 katika ardhi yao ya Ngare Nanyuki ili wapewe walowezi. Mmoja wa waliowasaidia alikuwa Earle Seaton, mzaliwa wa kisiwa cha Bermuda, aliyefanya kazi ya uwakili hapa Moshi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alilifikisha shauri lile Umoja wa Mataifa, na dunia ikasikia. Seaton baadaye akawa Jaji Mkuu wa Shelisheli. Jina lake halikudumu kwa ajili ya chuo alichosoma, bali kwa kuwa alisimama na mkulima aliyedhulumiwa.

Kwa hiyo twatoa rai mbili. Kwanza, kila chuo cha sheria kilazimishwe kutangaza kila mwaka kiliwapokea vijana wa alama gani, kina walimu wangapi, na wahitimu wake wangapi wamefaulu mafunzo ya vitendo kwa mara ya kwanza. Takwimu hizo ziwekwe pamoja, mzazi ahukumu mwenyewe. Pili, afisa anayeajiri alifunike jina la chuo, ampe kijana jalada la mgogoro wa shamba, amwambie aandike rai yake. Debe tupu litajulikana papo hapo.

Sisi tuliokaa chuoni mbele ya maalimu twalijua jambo hili tangu utotoni. Maalimu hakupimwa kwa ukubwa wa baraza yake. Mtoto aliitwa mbele ya watu, akaambiwa soma. Herufi zikikaa mahali pake, watu walimjua mwalimu. Vyuo vyetu vya sheria navyo viitiwe wanafunzi wao mbele ya watu, wasome.