Uchache Si Hoja
Tunaendelea kupokea malalamiko ya matawi madogo: eti wanachama ni wachache, kazi haiwezekani. Hatukubali. Mwaka 1947 chuo kidogo cha Cornell, kilichoko Mount Vernon katika jimbo la Iowa, Marekani (si kile kikubwa cha New York), kilitwaa ubingwa wa mieleka wa vyuo vyote, na ule wa taifa wa ridhaa vilevile. Vyuo vikuu vya serikali vyenye wanafunzi maelfu vikabwagwa! Lowell Lange na Dick Hauser, vijana wa Waterloo, mji wa viwanda vya matrekta na nyama, walikuwa mwaka wa kwanza tu. Mpiga mieleka huingia ulingoni peke yake, lakini pointi zake huhesabiwa pamoja na za wenzake. Ndugu wanaolalamika watuletee kwanza hesabu ya namna hiyo.