Vifuko Vilivyoundwa kwa Sauti na Dai la Uchechefu wa Istilahi

Wapo wasomi, wa Kiswahili wakiwemo, wanaoshikilia kwamba lugha hii haina maneno ya kuelezea sayansi ya kisasa. Aghalabu dai hilo hutolewa kabla ya jaribio lolote kufanywa. Na lijaribiwe hapa kwa mfano mgumu.

Mnamo 1990, Kenneth Suslick na Mark Grinstaff wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walieleza njia ya kuunda vifuko vidogo mno kwa sauti. Mafuta humiminwa juu ya maji yenye albumini, protini ipatikanayo katika damu, kisha ncha ya chuma itetemayo mara 20,000 hivi kwa sekunde huwekwa pale vimiminika viwili vinapokutana. Mafuta huvunjika yakawa matone, kila tone likavikwa ganda la protini. Baada ya dakika chache hupatikana vifuko vyenye kipenyo cha maikromita chache tu, vinavyoweza kubeba dawa, au mafuta ya samaki yasichache kabla ya kuliwa.

Hadi hapa Kiswahili hakijakwama. Hatari ipo kwingine, katika wepesi wa tamathali. Mwandishi mwenye haraka angesema kwamba sauti huipika protini kama ute wa yai uivapo jikoni. Picha hiyo inavutia, ila ni ya uongo. Mtetemo huzaa viputo. Viputo hubomoka kwa ghafla, na joto la ndani mwake hufikia maelfu ya nyuzi kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho, ilhali kimiminika chenyewe hakichemki. Joto hilo huzalisha aina kali ya oksijeni, nayo ndiyo huziunganisha molekuli za albumini kupitia atomi zake za salfa. Ganda hushonwa, halipikwi. Kitenzi hicho kimoja kinabeba ugunduzi wenyewe.

Vivyo hivyo kuhusu sifa ya vifuko hivi kuvunjwavunjwa na mwili. Tangu Kenya ipige marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, 'kuoza' kumezoeleka kwa maana hiyo. Je, ni mgonjwa gani atakayemeza kwa moyo mkunjufu kitu anachoambiwa kitamwozea tumboni? 'Kumeng'enywa' kunafaa kwa kinachomezwa, japo si kwa kinachodungwa mshipani.

Mwaka huohuo wa 1990, TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kazi kama hiyo ni ya lazima, lakini orodha ya istilahi haichagui kitenzi. Katika vyuo vikuu vya Kenya sayansi hufundishwa kwa Kiingereza, na Kiswahili kikaachiwa idara yake. Mwanafunzi wa kemia hana pa kuandikia sentensi kama hizi, naye wa Kiswahili hapiti karibu na maabara. Hayo yanaendelea ingawa Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Majarida ya wanafunzi yangeweza kumwalika mwanakemia mmoja katika kila toleo, aeleze kazi yake kwa Kiswahili, kisha wasomaji wambishie vitenzi vyake.